Kompyuta ya Zamani Bado Inafundisha

Kijana aliyenunua kompyuta ya mtumba Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, ikiwa na Windows 7 na RAM ya gigabaiti 2, anapotaka kujifunza kuprogramu huambiwa atafute kwanza mashine mpya. Ushauri huo unawakatisha tamaa wengi bure.

Kinacholemea mashine ya namna hiyo aghalabu si lugha ya kompyuta, bali programu ya kuandikia msimbo. Visual Studio Code, inayotajwa kila mahali, imejengwa kwa injini ya kivinjari cha Chrome, na matoleo yake mapya hayaikubali tena Windows 7.

Lugha ya Python haina makuu hayo. Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, na inasomeka kwa urahisi kuliko lugha nyingi. Wanaoanza hunaswa kwenye toleo: hupakua jipya kabisa, Windows 7 inalikataa, nao hudhani kompyuta imekwisha. Toleo la mwisho linalokubalika hapo ni 3.8, mradi Windows iwe na Service Pack 1 na masasisho yake. Kwa Windows XP ni 3.4.

Python huja na IDLE, dirisha jeupe lisilo na mbwembwe. Humo mwanafunzi huandika mistari miwili ya kuagiza jedwali la 7, hubonyeza Enter mara mbili, na majibu yote 12 hujipanga, kuanzia 7 hadi 84. Akikosea, maandishi mekundu humwonyesha mstari wenye kosa. Kwa somo la kwanza, hayo yanatosha kabisa.

Mashine ikiwa dhaifu zaidi, ipo Lua. Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes waliiunda mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil. Nchi yao ilikuwa imetoka katika miaka mingi ya kubana uingizaji wa kompyuta na programu za kigeni, na wahandisi walikuwa wamezoea kujiundia zana. Programu ya kuendesha Lua ina takriban kilobaiti 300. Inaenea kwenye disketi ya megabaiti 1.44 na nafasi ikabaki. Hata hivyo mchezo wa World of Warcraft unaitumia, na Roblox hutumia lugha iliyotokana nayo.

Lugha ya BASIC, iliyoanza mwaka 1964 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wasiosomea sayansi, ilifanya kazi kubwa. Lakini leo anayekwama nayo atapata wachache wa kumsaidia, kwa hiyo Python itangulie.

Matoleo haya ya zamani ya Windows na Python hayapati tena marekebisho ya usalama, basi ni busara kujifunzia nje ya mtandao. Walimu wenye kompyuta zilizorundikwa stoo wazitoe, wazifute vumbi na kuzijaribu: faili la kusakinisha Python 3.8 halifiki megabaiti 30, na linabebeka kwenye flashi yoyote.