HOTUBA YA MWENYEKITI: KAZI YETU YA KUNG'ARISHA MABASI



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuifikia siku ya leo tukiwa wazima. Pili tunawashukuru nyote mlioacha shughuli zenu mkaja. Tunajua wengine mmeacha dagaa juani, na dagaa hawana subira.

Katibu amekwisha kusoma taarifa ya hisa na mikopo, na Mweka Hazina amesoma ya sanduku. Hatutazirudia. Mwenyekiti wenu aliishia darasa la saba, hesabu ndefu anawaachia wenyewe. Sisi tumeombwa tueleze jambo moja ambalo watu hutuuliza kila tunapopita: ilikuwaje kina mama wa kuweka na kukopa wakaishia kupanda juu ya mapipa usiku kusugua mabasi?

Tulianza mwaka 2015 tukiwa kumi na wanane, hisa shilingi elfu mbili kwa wiki, sanduku moja lenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu tofauti. Kama vikundi vingine tu. Huyu anakopa ananunua dagaa Mwigobero, yule anakopa ananunua nyanya, tunarudisha na riba, mwisho wa mwaka tunagawana. Miaka miwili ikapita ndipo tukashtuka. Ile riba tuliyokuwa tunaishangilia ilitoka mifukoni mwetu wenyewe. Hela mpya kutoka nje haikuwepo.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akiuza uji stendi ya Bweri ndiye aliyesema: jamani, yale mabasi yanalala pale machafu, tingo ameshinda njiani anaosha huku anasinzia, kwa nini tusiombe kazi? Wengine tulicheka. Mabasi na kina mama wapi na wapi! Lakini tukaenda, tukaanza kwa kuosha.

Hapo mwanzo tulifanya kosa kama walivyofanya wengi, tukaosha karibu na maji ya ziwa. Tukaambiwa, na kwa haki, kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na hata bila sheria, oili na sabuni vikiingia ziwani vinarudi kwetu kwenye ndoo na kwenye sufuria. Tukahama, tukachimba karo, tukaanza kununua maji. Faida ikapungua. Ikabidi tutafute kazi yenye bei zaidi ya kuosha, na ndiyo hiyo ya polishi.

Sasa tuieleze kidogo, maana kuna watu wanadhani ni kupaka mafuta gari ling'ae. Si hivyo. Rangi ya basi ina tabaka. Chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na mabasi mengi yana klia juu ya rangi. Vumbi la njia ya Mugumu, wadudu wa ziwani wanaogandia mbele, kinyesi cha ndege kinachokaushwa na jua mpaka kinakula rangi, na ufagio mgumu wa kuoshea, vyote vinaacha mikwaruzo midogo midogo. Mwanga ukiingia kwenye mikwaruzo hiyo unatawanyika, basi linaonekana limepauka hata kama ni safi. Dawa ya kusugulia ina chenga laini sana, kama msasa ulio ndani ya mafuta. Inapunguza klia mpaka uso unakuwa sawasawa. Ndiyo kusema kila ukisugua, unaondoa. Ulichoondoa hukirudishi. Nta inayokuja mwisho ni ya kulinda tu, haiongezi rangi.

Ubavu wa basi kubwa una urefu wa kama mita 12. Mtu mmoja akiusugua peke yake atamaliza kesho kutwa, na basi linatakiwa liondoke alfajiri. Ndiyo maana tunakuwa wanane. Wawili wanasimama juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa, wawili wanashika katikati, wawili chini wameketi kwenye vigoda. Wa saba kazi yake ni vitambaa tu, wa nane anashika tochi.

Basi la kwanza kabisa tuliona tumefanya ajabu. Jua la asubuhi lilipolipiga ubavuni, aibu! Ulikuwa unaweza kuhesabu akina mama ni wangapi. Hapa kuna mwenye mkono mzito, pale kuna mwenye mkono mwepesi, huyu alisugua duara, yule alisugua kama anafua shuka. Mabaka matupu. Tangu siku hiyo tukakubaliana: wote tunakwenda mstari ulionyooka, kutoka mbele kwenda nyuma, kipande cha mkono mmoja kwa wakati, na tukimaliza kipande tunabadilishana nafasi, aliyekuwa juu anashuka chini. Hivyo mkono mzito unapita kila mahali sawa na mwepesi.

Mengine tulijifunza kwa hasara ndogo ndogo. Hatugusi bodi ikiwa ya moto, dawa inakauka kabla hujaisugua na inaacha alama. Tunaanza saa kumi na moja jioni au tukiwa na kivuli. Tunaosha kuanzia juu kwenda chini, kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia hatuitumii tena, inaondoa nta yote ya zamani. Kitambaa ni fulana kuukuu ya pamba tupu, imekatwa pindo na mishono. Wako wenzetu wawili waliowahi kufanya kazi kiwanda cha nguo cha MUTEX ujanani, hao wakishika fulana gizani wanakwambia hii imechanganywa nailoni, tupa. Na kitambaa kikianguka chini, hata kama ni kipya, hakirudi kwenye basi. Pete na bangili tunavua. Pete za ndoa zilileta maneno, mpaka tukaafikiana kwamba asiyetaka kuvua aifunge kwa kitambaa. Waume zetu nao mwanzoni walikuja stendi kutulinda, wengi wakaishia kubeba maji.

Basi, tufike kwenye jambo lenyewe. Katika kitabu hiki kuna picha nyingi za kucheka. Hii haina picha.

Mwishoni mwa mwaka 2017 tulinunua mashine ya umeme ya kupigia polishi, ya mkono wa pili. Mashine ni nzuri, kazi ya saa tatu inafanya saa moja. Lakini mashine haina huruma. Mwezi Januari 2018 tulipewa basi la mtu, jina tunalihifadhi. Kwenye kona ya nyuma kushoto, pale bodi inapokunja, rangi huwa ni nyembamba, kwa sababu wakati wa kupuliza haikai vizuri kwenye kona. Sisi hatukulijua hilo. Mwenzetu alikuwa ameshika mashine, kasi imewekwa juu, sponji imekauka, naye alikuwa amechoka, saa nane ya usiku. Sekunde chache tu. Tukasikia harufu. Tochi ilipomulika, rangi imeungua, praima nyeupe inatuangalia, pana kama sahani.

Tulikaa chini pale pale. Hakuna aliyesema neno.

Asubuhi mwenye basi akaja, akaliona kabla hata hajasalimia. Akauliza, "Nani alishika mashine?" Tukajibu, "Sisi." Akauliza tena, "Nawauliza ni nani, nataka mtu mmoja." Tukamwambia, "Mzee, sisi wanane." Akakasirika, alifikiri tunamchezea. Alitaka laki nne na nusu za kupuliza upya ubavu wote, kwa sababu ukipaka kona peke yake rangi haifanani. Kwa kweli alikuwa na haki yake.

Kikao cha usiku ule kilikuwa kigumu kuliko vyote katika miaka hii kumi. Wapo waliosema aliyeharibu alipe, kila mtu ana mkono wake. Wapo waliosema wanane waliokuwepo walipe, waliolala nyumbani hawahusiki. Na wapo tuliosema kwamba kama faida tuligawana wote, hata waliolala nyumbani, hasara nayo ni ya wote. Tulipiga kura kwa mbegu za mahindi na maharage. Mahindi yakashinda, fedha ikatoka sandukuni. Tulijisifu sana kwa uamuzi ule, na mpaka leo watu wanatusifu kwamba ni kikundi kisichotupa mtu.

Lakini Ndugu Mgeni Rasmi, kuna upande mwingine, na leo tunataka uandikwe. Wiki ile ile kulikuwa na mama aliyekuwa zamu yake kukopa. Mtoto wake alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ada ilikwisha kufutwa tangu Januari 2016, ni kweli, lakini godoro, sanduku, sare na madaftari havikufutwa. Tulikuwa tumemwahidi laki tatu. Tulipolipa kona ya basi, sanduku lilibaki halina hata laki. Yeye hakuwa miongoni mwa wale wanane. Hakupiga kelele kikaoni. Aliuliza swali moja tu: "Na mimi ni nani katika hiyo sisi?" Hatukuwa na jibu. Mtoto aliripoti shule akiwa amechelewa wiki tatu, baada ya mama kuuza cherehani yake. Mwezi uliofuata alichukua hisa zake akaondoka.

Baada yake ndipo tulipobadilisha katiba. Sasa katika kila basi tunatoa sehemu ya kumi kwanza, inakwenda mfuko wa hasara, na mfuko huo una daftari lake. Mkopo uliokwisha kuahidiwa hauguswi kwa sababu yoyote. Kanuni hiyo ni ya kumi na nne katika katiba yetu, wanachama wapya mnaikariri bila kujua imetoka kwa nani.

Yule mwenye basi hakurudi tena. Ila dereva wake alipohamia Bunda alitupigia simu, akamwambia tajiri wake mpya kwamba wapo kina mama Musoma, wakiharibu hawakimbii. Hivyo ndivyo tulivyofika Bunda, penye magari ya Mwanza, ya Mugumu na ya Kisorya kwenda Ukerewe, na ndivyo tulivyopata wanachama wa kule. Butiama tulifika kwa njia nyingine, kwa ajili ya mabasi ya wageni wanaokwenda kuzuru kaburi la Mwalimu pale Mwitongo, hasa ile tarehe 14 Oktoba. Wanafika na tope la mvua za vuli, wanataka waondoke wanang'aa kwa ajili ya picha. Pale tunapiga nta tu, muda wa kusugua haupo.

Na muda ndio shida yetu ya sasa. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, baadhi hayalali kabisa. Linaingia, linamwaga abiria, baada ya saa nne limekwisha kuondoka. Zamani tulikuwa na usiku mzima. Sasa tunafanya ubavu mmoja leo, mwingine likirudi, na wateja wengine hawapendi basi lenye pande mbili tofauti. Tumeamua kununua mashine ya pili. Tuliwahi kuomba mkopo wa halmashauri wa kina mama, mikopo hiyo ikasimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Tumeomba upya, tunasubiri. Tukichelewa kupata tutanunua kwa fedha zetu, hilo tumelipigia kura. Wapo waliokataa, wanataka kugawana kwanza, na sauti yao imeandikwa kwenye muhtasari.

Jambo la mwisho. Yule mama tulimpelekea kadi ya mwaliko wa leo kwa mkono, hatukutuma ujumbe wa simu. Hakusema anakuja wala haji. Kama yupo, tunajua atakuwa amekaa nyuma kabisa. Dada, usiondoke kabla hatujaonana. Bahasha yako iko kwa Mweka Hazina. Si zawadi, ni ile riba ya hisa zako ya mwaka 2018 uliyoondoka bila kuidai, pamoja na bei ya cherehani kama tulivyoulizia sokoni mwezi uliopita.

Wenzetu wa zamu ya leo mnajijua. Basi linaingia saa kumi na mbili, kuleni mapema, fulana ziko kwenye ndoo ya bluu. Kona za nyuma ni za mkono, mashine haifiki huko.