Ahadi na Ubao

(Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 27)

Ukiwa jikoni, au njiani kwenda kazini, au kitandani kwa ugonjwa, nakuomba unipe dakika chache. Leo nataka kukueleza habari za siku niliyoanguka majini, na habari za kosa ambalo nililificha kwa miaka kumi na miwili.

Dada yangu ni muuguzi huko Uingereza. Mwishoni mwa Mei mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Shule zilikuwa zimefungwa kwa juma moja, naye akaniambia, "Kaka, kesho tutawapeleka watoto ziwani. Utajiona uko nyumbani." Basi tukafunga chakula, tukaenda Ziwa Windermere, kaskazini-magharibi ya nchi hiyo. Urefu wake ni kama kilomita 17. Mimi nimezaliwa kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ambalo eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800. Nilipoliona ziwa lao nilicheka moyoni. Nikasema, hiki ni kidimbwi.

Ufuoni palikuwa na mahali pa kukodisha vyombo. Palikuwa na kayaki, ambazo ni mitumbwi midogo ya plastiki ya mtu mmoja au wawili. Palikuwa pia na mbao pana zilizojazwa upepo, ambazo mtu husimama juu yake na kupiga kafi. Dada yangu na binti yake mwenye miaka kumi na miwili walichukua kayaki ya watu wawili. Kijana wake mkubwa alichukua kayaki yake. Mimi nikataka ubao.

Aliyetuhudumia alikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Kabla ya kutupa chombo chochote alituuliza maswali. Nani hajui kuogelea? Mnakwenda upande gani? Mtarudi saa ngapi? Majibu yetu akayaandika. Kisha akatuonyesha majani ya miti yakipepea kuelekea ziwani. Akasema, "Upepo unatoka nchi kavu. Hapa ufuoni maji yanaonekana yametulia, lakini mkienda mbali utawasukuma, na kurudi kutakuwa kazi kubwa. Fuateni ukingo, msikate katikati." Akanifunga mguuni kamba iliyoshikana na ubao, akaniambia kwamba nikianguka nisiuache, maana ubao ndio boya langu. Mwisho akanipa jaketi la kuokoa maisha, lenye firimbi begani.

Nikalikataa. Nilimwambia, "Binti, mimi ni mtoto wa ziwa. Tena ni mchungaji. Niko mikononi mwa Mungu." Akatabasamu, akajibu kwamba bila jaketi hakuna ubao, hata kwa askofu. Watoto wakacheka. Nikauliza kama nikiliacha bei itapungua. Akasema bei ni moja tu. Jaketi halikodiwi peke yake. Nililivaa kwa hasira, kama mtoto aliyevikwa sweta na mama yake.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Nusu saa ya kwanza nilijiona hodari. Nikawaacha wenzangu ukingoni, nikajisogeza mbali kidogo ili watoto wamwone mjomba wao. Hapo upepo ukanikamata. Mtu aliyesimama juu ya ubao ni kama tanga. Mwili wake wote hupokea upepo. Ningepiga magoti ningekuwa salama, lakini niliona aibu. Nikayumba, nikaanguka.

Ndugu zangu, maji ya nchi ile si kama ya kwetu. Hata jua likiwaka, mwezi wa Mei maji bado ni ya baridi kali. Pumzi ilinikatika. Kifua kilibanwa, nikawa navuta hewa kwa nguvu bila kutaka. Lau mdomo wangu ungalikuwa chini ya maji, ningaliyavuta maji hayo mpaka mapafuni. Mimi ninayejua kuogelea tangu utotoni sikuweza kupiga hata mkono mmoja. Nilitaka kuliita jina la Yesu, na sauti haikutoka. Kitu kimoja tu kilichoweka kichwa changu juu ya maji: lile jaketi nililolikataa.

Nikasikia sauti ya mpwa wangu kutoka kwenye kayaki: "Mjomba! Usiogelee! Lala chali, uelee kwanza!" Waokoaji wa majini wa Uingereza huwafundisha watu hivyo: laza kichwa nyuma, masikio yawe majini, tulia, mpaka pumzi irudi. Mshtuko wa baridi hupungua baada ya dakika moja au moja na nusu. Wengi hufa kwa sababu ya kupigana na maji katika dakika hiyo. Nikamtii mtoto. Nikalala chali. Pumzi ikarudi. Nikavuta kamba, nikaushika ubao, nikapanda kwa tumbo, na kwa magoti nikarudi polepole mpaka ukingoni.

Usiku ule sikupata usingizi. Niliwasha taa, nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Mnaikumbuka habari hiyo. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa merikebu. Anawaonya wasiondoke Krete, lakini akida anamsikiliza nahodha kuliko Paulo. Upepo wa kusi unavuma kwa upole, nao wanadhani mambo ni mazuri. Kumbe upole ule ni mtego. Dhoruba inawatupa huku na huku kwa siku kumi na nne.

Katikati ya dhoruba Mungu anatoa ahadi: hakuna hata mmoja atakayepotea. Lakini tazama jambo linalofuata. Mabaharia wanapotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo anamwambia akida kwamba watu hawa wasipobaki, ninyi hamtaokoka. Mbona ahadi ilikwisha kutolewa? Paulo hakuona kwamba ahadi ya Mungu inawaondolea watu kazi yao. Na merikebu ilipovunjika, waliojua kuogelea walitangulia kuruka, na waliobaki wakashika mbao na vipande vya merikebu. Watu 276 walifika nchi kavu wote. Ahadi ya Mungu iliwafikia kwa njia ya ubao. Je, yule aliyeshika ubao alikuwa na imani haba? La hasha. Kuushika kulikuwa ndiko kuipokea ahadi.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuja mbele yangu.

Miaka kumi na miwili kabla ya siku ile, nilikuwa mchungaji kijana katika parokia moja ya ufuoni, hapa Kenya. Vijana wa kanisa walitaka siku ya matembezi ziwani. Mimi ndiye niliyekwenda kupatana bei ya mashua. Mwenye mashua alisema majaketi yapo, ila yana malipo yake, kila kichwa. Nilipiga hesabu, nikaona fedha za soda hazitatosha. Nikamwambia, "Sisi tumeomba asubuhi. Yatosha." Jioni, wakirudi, mashua ilipinduka karibu na ufuo. Wote waliokolewa isipokuwa kijana mmoja wa kwaya, mwenye miaka kumi na tisa.

Nilimzika mimi mwenyewe. Nikasimama mbele ya mama yake, nikahubiri kwamba Bwana ndiye aliyempa na Bwana ndiye aliyemchukua. Watu wakaitikia Amina. Habari ya majaketi sikuitaja. Nilimtwika Mungu mzigo uliokuwa wangu, na mama yule akaenda nyumbani akiamini kwamba Mungu alimtaka mwanawe kuliko yeye alivyomtaka.

Niliporudi Kenya nilikwenda kwake kabla ya kufika ofisini. Nilimweleza yote, na bei ya majaketi nikaitaja, maana naikumbuka mpaka leo. Alinyamaza kitambo kirefu, akitazama nje. Kisha akasema, "Basi si Mungu." Akainuka, akaniuliza kama nimekula. Nilikula chakula chake nikilia. Sikusema kwamba yamekwisha, mwana hakurudi. Lakini tangu siku hiyo mama yule, aliyekuwa ameacha kuja Meza ya Bwana, amerudi.

Mpenzi msikilizaji, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, wengi wao watoto na vijana. Tangu mwaka huo tarehe 25 Julai imewekwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kukumbuka jambo hili. Makanisa yetu hupenda matembezi ya ziwani na baharini, hasa wakati wa likizo. Basi, wewe mzee wa kanisa, wewe mama wa Mothers' Union, wewe baba unayewapeleka watoto wako: kabla ya kuuliza bei ya chombo, uliza kama kuna jaketi la kila mtu, linalomtosha mwili wake. Livae wewe kwanza, watoto wakuone. Uliza upepo unatoka wapi. Mwambie mtu wa nchi kavu saa utakayorudi. Na fedha zikipungua, punguza soda. Mwenye chombo akikukatalia, hata kama ni mdogo wako, mshukuru. Huenda amri yake ndiyo jibu la maombi yako ya asubuhi.

Na kama kuna kaburi ulilolifunika kwa jina la Mungu, na moyoni wajua kwamba uzembe ulikuwa wako, nenda kwa wenyewe. Usingoje kuangushwa majini kama mimi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyelala chomboni wakati wa dhoruba na kuamka kwa ajili ya wanafunzi wako, utusamehe kwa kuwa tumekusingizia makosa yetu. Wafariji mama wote ambao watoto wao walichukuliwa na maji. Utupe imani ya kukutumaini wewe, na unyenyekevu wa kuushika ubao unaotuletea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.