Msitu Hauna Hatia: Mhadhara kuhusu Antestia wa Karatu



Kila msimu nasikia hoja ile ile: kwamba antestia, kunguni wa kahawa, anashuka kutoka msitu wa Ngorongoro kama wanavyoshuka nyati na tembo, kwa hiyo tufyeke vichaka vyote vya mpakani. Inaaminika kwa urahisi. Anayelima kwenye miteremko ya Oldeani amezoea kuamka akakuta mibuni imevunjwa na tembo. Si ajabu kila balaa alihesabu kuwa limetoka huko juu.

Antestia lakini si tembo. Akipevuka ana umbo la ngao, urefu wa milimita 6 hadi 8 hivi, mwili wa kahawia iliyokoza wenye madoa meupe na ya rangi ya machungwa. Jike hutaga chini ya jani mayai meupe, kama 12 kwa fungu. Kinda hujivua ngozi mara 5 ndipo apate mabawa kamili. Utoto wake wote anakwenda kwa miguu. Makinda mnayoyakuta katikati ya mbuni yamezaliwa papo hapo.

Jinsi anavyofyonza maua na buni changa, na kuvu anayoingiza kwa mate yake ikaozesha punje, wenzangu mnajua.

Niliwahi kutandika shuka chini ya mbuni ulioachwa bila kupogolewa, nikapuliza pareto, nikasubiri. Walidondoka wakubwa kwa wadogo, mpaka mwenye shamba akaacha kucheka. Tukahamia mbuni wa jirani yake, uliopogolewa vizuri, jua likipenya hadi shinani. Tuliokota majani makavu. Na mashamba yote mawili yanapakana na msitu ule ule!

Na kabla hatujakimbilia sumu, sina budi kumtaja T. W. Kirkpatrick, mtafiti wa wadudu aliyefanya kazi Amani, kule Usambara. Andiko lake la mwaka 1937 nalisoma kama wengine wasomavyo riwaya. Alifuatilia kimelea kiitwacho Corioxenos antestiae. Jike lake haliondoki ndani ya mwili wa kunguni. Viluwiluwi vyake ndivyo vinavyotoka, vikavizia mmeani na kumrukia antestia apitaye. Kirkpatrick aligundua kwamba kinachovirusha ni mwendo pamoja na rangi nyeusi na ya machungwa. Kunguni aliyevamiwa huendelea kuishi, ila uzazi ndio basi. Sasa niambieni, anayepuliza sumu shamba zima kwa kalenda anamuua nani? Adui, na askari aliyemo tumboni mwa adui.

Nakubali, wapo antestia porini, kwenye vichaka vya jamaa ya mbuni. Nakubali pia kwamba kivuli kizito humfaa, na mgrivelia uliosongamana upunguzwe matawi. Lakini anayetoka kichakani akikuta mbuni ulio wazi hapati pa kujificha. Akikuta msongamano amepata nyumba, na nyumba hiyo tumemjengea sisi.

Kwa hiyo mkulima wa Karatu akiniuliza aanzie wapi, namwambia atandike shuka ahesabu. Baada ya mavuno achukue mkasi wa kupogolea. Dawa aifikirie pale wastani unapozidi antestia wawili kwa mti, na aipulize kwenye mibuni hiyo tu. Vichaka vya mpakani aviache. Panga lake lina kazi nyingine.