VUMBI LISILOONEKANA
Mazungumzo juu ya usafi wa nyumba na ugonjwa wa pumu



Kijiji cha Kulesa, katika upande wa Garsen, kimo katika bonde la Mto Tana, na watu wake huishi kwa mto huo. Maji yakifurika kwa kiasi huacha rutuba, na mashamba ya mpunga, ndizi na maembe hupata nguvu. Lakini mto huo huo huleta unyevu ndani ya nyumba. Mafuriko makubwa ya mwaka 1961, ya 1997 na ya 2023 yaliwatoa watu wengi wa bonde la Tana katika makao yao. Maji yapunguapo, mwenye nyumba hurudi akakuta kuta zimelowa, godoro limeota ukungu na mikeka inanuka. Hapo ndipo kazi ya usafi inapoanza. Kazi hiyo si ya kupendeza macho ya wageni tu, bali ni ya kulinda pumzi za watoto.

Wako watu ambao miili yao hupigana na vitu visivyowadhuru wenzao. Hali hiyo huitwa mzio. Mwenye mzio akivuta vumbi hupiga chafya, macho humwasha na pua humtiririka. Akiwa na pumu, kifua humbana na pumzi hutoka kwa mlio kama wa filimbi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zisizo na mapato makubwa. Basi, mtu akishikwa na pumu usiku wakati njia imekatwa na maji, hatari yake ni kubwa mno, kwani hospitali haifikiki upesi.

Waganga walijua tangu zamani kwamba vumbi la nyumbani huamsha pumu, lakini hawakujua ni kitu gani kilichomo. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, walitambua kwamba sababu kubwa ni mdudu wa jamii ya utitiri. Mdudu huyo ni mdogo hata watatu wakipangwa mstari mmoja hawazidi milimita moja. Haumi mtu wala hanyonyi damu. Chakula chake ni magamba madogo ya ngozi yanayotoka katika miili ya watu, na maji yake huyapata katika unyevu wa hewa. Kwa hiyo hupenda kukaa katika magodoro, mito ya kulalia ya sufi, mablanketi na nguo zilizorundikwa. Kinachomdhuru mgonjwa hasa ni mavi ya mdudu huyo, ambayo huruka pamoja na vumbi.

Adui wa mdudu huyo ni ukavu na joto, na watu wa Tana wamejaliwa jua lisilouzwa dukani. Yafaa godoro, mito na mikeka ianikwe juani tangu asubuhi hadi alasiri, ikigeuzwa pande zote mbili. Halafu vitu hivyo vikung'utwe mbali na mlango, kwa maana wadudu wakisha kufa, uchafu wao hubaki. Mashuka na foronya zifuliwe kila juma. Maji ya moto wa digrii 60 huwaua wadudu. Kama kuni ni haba, maji baridi na sabuni huondoa sehemu kubwa ya uchafu, na jua humaliza kazi. Chandarua nacho kisisahauliwe, maana hukusanya vumbi juu ya kichwa cha mwenye kulala.

Namna ya kufagia pia ina maana. Ufagio mkavu juu ya sakafu ya udongo hulirusha vumbi hewani, na mtoto huvuta yale yaliyokuwa yamelala chini. Kwanza maji yanyunyizwe kidogo, ndipo sakafu ifagiwe polepole. Meza, viti na madirisha vipanguswe kwa kitambaa kibichi. Mwenye pumu asifagie yeye mwenyewe, bali akae nje mpaka vumbi litulie. Kutwanga na kupepeta mpunga kufanywe nje pia. Kuku, mbuzi na paka wasilale katika chumba cha watu.

Mende nao wana hatia yao, kwa kuwa mavi yao na vipande vya miili yao huamsha pumu. Dawa ya kwanza ya mende ni kuwanyima chakula: vyombo vioshwe kabla ya kulala, unga na wali vifunikwe, na takataka zitupwe mbali. Kupuliza sumu chumbani mara kwa mara kwaweza kumzidishia mgonjwa taabu.

Baada ya mafuriko, vitu vilivyolowa yapasa vikaushwe kabla ya siku mbili kupita, kwani ukungu hauchelewi kuota. Godoro lililolowa kabisa na kunuka ni afadhali litupwe, ijapokuwa ni hasara. Kuta zisuguliwe kwa sabuni na maji, kisha milango na madirisha yafunguliwe ili upepo upite. Moshi wa kuni si mzio, lakini huchoma kifua kilichokwisha kudhoofika. Kwa sababu hiyo jiko likae mbali na kitanda cha mgonjwa.

Isidhaniwe kwamba jambo moja katika hayo latosha. Mwenye kuanika godoro na kuwaacha mende hatapata faida kubwa, lakini mwenye kuyafanya yote pamoja huenda akaona nafuu. Tena usafi haushiki mahali pa dawa. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kuvuta aitumie kama alivyoagizwa na daktari, na kabla ya mvua za masika na za vuli ahakikishe kwamba anayo ya kutosha. Akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali bila kukawia.

Wapokomo wa Mto Tana ndio wenye wimbo wa kumbembeleza mtoto ambao sauti yake ilifanywa kuwa Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini mtoto aliyebanwa kifua halali, hata akiimbiwa na mama mwenye sauti nzuri namna gani. Wimbo ule ule utamfaa zaidi akilazwa juu ya godoro lililopigwa na jua, katika chumba kikavu kisicho na vumbi.