Ghuba ya Manda: Hukumu Mbili, Bahari Moja



Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kulinda ghuba yetu pale bandari na viwanda vinapoingia. Sina haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Ghuba ya Manda, hapa hapa Lamu, imetoa hukumu mbili ambazo kila kijiji cha pwani kinapaswa kuzijua.

Ya kwanza ilitolewa na Mahakama Kuu mjini Malindi, Aprili 2018. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa Machi 2012, na wavuvi walikwenda kortini. Majaji waliona kwamba haki ya wakazi ya kuishi katika mazingira safi imevunjwa, na utamaduni wao umepuuzwa. Wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ya pili ni ya Juni 2019, pale jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi.

Zote mbili tulizishangilia, lakini hazilingani. Hukumu ya bandari ilikuja wakati sakafu ya bahari imekwisha kuchimbwa. Ya makaa ya mawe ilikuja kabla mtambo haujajengwa. Baada ya hukumu ya kwanza tuliingia katika miaka ya rufaa na mazungumzo kuhusu malipo. Baada ya ya pili, maji ya Kwasasi yalibaki kama yalivyokuwa.

Naomba tuangalie kwa karibu kinachotokea meli ya kuchimba inapofanya kazi. Tope hutibuka, mkondo hulichukua, kisha hutua taratibu juu ya matumbawe na nyasi za bahari. Tumbawe ni kiumbe hai. Likifunikwa na tope hukosa mwanga na hukosa pumzi. Nyasi nazo hunyauka, na ndizo malisho ya kasa na nguva, na maficho ya samaki wachanga. Mvuvi wa madema huliona jambo hili kabla ya mtaalamu yeyote. Dema alilolitega pale pale alipotega baba yake hupanda tupu, vijiti vyake vimepakwa tope.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halioni kwa urahisi. Msimu wa kusi, nje ya miamba bahari huchafuka, na chombo kidogo hakithubutu kutoka. Miezi hiyo ghuba na milango yake, kama Mkanda, ndiyo riziki yote ya mtu wa dau na mtumbwi. Mtafiti akija wiki mbili za kaskazi, bahari imetulia, ataandika kwamba wavuvi wanaweza kuhamia maji ya mbali. Kwenye karatasi itaonekana sawa. Mwezi Juni haiwezekani.

Jopo lilifuta ile leseni ya makaa ya mawe kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kutambulisha mradi tu. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilipokamilika, wakazi hawakurudishiwa waijadili. Tuelewe vizuri hapo: kukaa kwenye hema, kunywa soda na kutia sahihi karatasi ya mahudhurio si kushirikishwa. Kushirikishwa ni kuisoma ripoti yenyewe, kwa lugha unayoielewa, na kujibiwa hoja zako.

Sisemi bandari haifai. Vijana wetu wanahitaji kazi, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, meli zitakuja. Ila Lamu inabeba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ndani ya mikoko hiyo ndimo kaa na kamba wadogo wanamokulia. Kila kiwanda kitakachofuata bandari kitataka kipande cha ufuo huo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni moja. Kila kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) kichore ramani yake: mahali pa madema, mazalio ya samaki, mikoko inayokatwa boriti na isiyoguswa, njia za kupita wakati wa kusi, na kina mama waonyeshe wanapookota chaza na pweza wakati wa bamvua. Kila mahali paandikwe jina linalotumiwa na wavuvi wenyewe, na msimu wake. Nakala ipelekwe kwa serikali ya kaunti na kwa mamlaka ya mazingira (NEMA) sasa, kabla hakijatajwa kiwanda chochote. Leseni ikitolewa, sheria inatupa siku 60 za kukata rufaa, na siku 60 hazitoshi kuanza kuwauliza wazee majina ya miamba.

Naomba BMU za upande wa ghuba zianze, wazee wa madema wakiwa bado wanatoka baharini.