KUJARIBU KIDOGO KABLA YA KUTIA AKIBA YOTE

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, nayo yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu)



Tumepewa nafasi hii tuseme habari ya lile shauri lililotugombanisha mwezi uliopita. Mliokuwapo mwakumbuka. Wenzetu wakaao Kawangware walitaka akiba yote ya kikundi chetu itolewe, tununue mashine ya kusafisha maji ya kunywa, tupange chumba pale Gatina, na kuuza maji kwa mitungi. Wenzetu wa Kibera wakasema fedha isiguswe hata senti moja. Sauti zilipanda, na mkutano ukafungwa bila kura. Sisi tulioandika maneno haya tuliambiwa tutafute njia. Twasema mapema kwamba shauri la maji si baya. Ubaya ni kutia yote siku moja.

Hofu ya watu wa Kibera twaijua ilikotoka, maana ni hofu yetu sote. Wengi wetu tulikuwa wanafunzi mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa kampuni kwa mkataba wa miaka 25, na watu wengi wakapunguzwa kazini. (Mkataba wenyewe haukufika huko, ulivunjwa mwaka 2017.) Baba zetu walipewa malipo yao ya mwisho. Mmoja alinunua matatu kuukuu. Mwingine akafungua duka la misumari na mabati mahali ambapo hakuna aliyekuwa akijenga. Wa tatu alinunua kuku mia tatu, na kideri ikawamaliza kwa juma moja. Nasi tukatolewa shule kwa ajili ya karo. Wazee wale hawakuwa wajinga, ndugu. Walikuwa watu wa kuligonga gurudumu kwa nyundo na kujua kwa mlio kama lina ufa. Lakini biashara zao waliziligonga baada ya kwisha kuzilipia.

Na katika kazi yetu sisi hatufanyi hivyo. Injini ikitoka karakana baada ya matengenezo makubwa haifungwi mabehewa ya abiria siku ile ile. Huendeshwa tupu kwanza, mafundi wakiwa juu yake, wakisikiliza, wakishika chuma kwa mkono kuona kama kina moto. Ikiharibika, imeharibika bila mtu ndani. Hakuna anayemcheka fundi kwa kuwa injini ilirudi siku ya kwanza. Angechekwa kama angeificha hitilafu. Basi kwa nini fedha ya wanachama tuifunge mabehewa yote siku ya kwanza?

Mfano mmoja mzuri uko papo hapo Gatina. Mwaka 2014 wenye biashara ndogo ndogo wa kule walianza kutumia hati za karatasi zilizoitwa Gatina-Pesa, na mwaka 2015 Lindi, katika Kibera, wakapata zao, Lindi-Pesa. Wengine kati yenu mlizishika mkadhani ni karatasi za bahati nasibu. Yafaa tueleze habari yake tangu mwanzo, maana ndani yake mna kila jambo tunalolitafuta: kujaribu, kukosea, kusahihisha, na kupigwa vita.

Mtaani mwetu fedha huja mwisho wa mwezi, ikakaa siku kumi, kisha ikaondoka. Kufika tarehe ishirini, mama muuza mboga ana sukuma zinazokauka, fundi wa cherehani amekaa mbele ya mashine yake bila kazi, kinyozi apiga soga. Mama ana sare ya mtoto iliyopasuka, fundi ana njaa, na watoto wa kinyozi hawajaona mboga. Kila mmoja anayo haja ya kazi ya mwenzake, na mikono ipo. Kinachokosekana ni shilingi ya kupita baina yao. Hati ile iliingia hapo. Mama humpa fundi hati, fundi humpa kinyozi, kinyozi huirudisha kwa mama kwa mboga. Shilingi chache zilizopo huwekwa kwa vitu ambavyo havipatikani mtaani, kama dawa na nauli.

Shauri hili lililetwa na shirika liitwalo Grassroots Economics, lililoanzishwa na Bwana Will Ruddick, Mmarekani aliyesomea fizikia. Naye hakuanza na mji mzima. Mwaka 2010 alijaribu kwanza Kongowea, Mombasa, kwa hati zilizoitwa Eco-Pesa. Vijana walipewa hati hizo kwa kuzoa taka. Nyuma ya hati zile palikuwa na shilingi za wafadhili, na mwenye duka aliweza kubadilishiwa. Jambo la namna hiyo haliwezi kuishi kuupita mfuko wa mfadhili. Kwa hiyo mara ya pili, Mei 2013, katika mtaa uitwao Bangladesh, huko huko Mombasa, wakageuza. Hati mpya, Bangla-Pesa, hazikuwa na shilingi nyuma yake. Zilikuwa na bidhaa na kazi za wanachama wenyewe, na aliyetaka kuingia alidhaminiwa na wenzake wanne. Asiyeaminiwa na majirani wanne hakupata hati.

Tazameni hapo. Jaribio la kwanza halikuitwa hasara. Lilitazamwa, likaonekana lilipopungukiwa, la pili likajengwa juu yake.

Kisha yakaja ya serikali. Kabla mwezi ule wa Mei haujaisha, watu sita, Bwana Ruddick akiwamo, walikamatwa na kushtakiwa kwa habari ya karatasi zifananazo na fedha. Karatasi za kununulia viazi na kunyolea nywele! Agosti mwaka ule ule Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi, na ndipo mambo yakaendelea mpaka yakafika kwetu Nairobi. Na si Kenya peke yake. Mwaka 1932 mji mdogo wa Wörgl katika Austria ulitoa hati za kuwalipa watu wasio na kazi ili watengeneze barabara; mwaka 1933 benki kuu ya nchi ikazikomesha. Lakini Uswisi, wafanya biashara walioanza shauri la jamii hiyo mwaka 1934, liitwalo WIR, waliachwa wakaendelea, na benki yao ikadumu miaka mingi. Tunayataja haya ili mjue kwamba kikundi kikitaka kujaribu jambo jipya, kwanza kiende kwa chifu na kwa afisi zihusikazo kikiwa na karatasi mkononi, kieleze. Maji ya kunywa yana afisa wa afya na vibali vyake. Tusingoje kuulizwa.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Ulimwengu walikuja Kenya, wakaandika taarifa kubwa. Walisema mafundi na wachuuzi wa mitaa kama yetu wanafanya kazi yenye faida kwa nchi, ila wanasumbuliwa badala ya kusaidiwa. Miaka mingi imepita. Wachuuzi wa kando ya reli pale Kibera wanaweza kuwaambia wenyewe yaliyobadilika na yasiyobadilika, maana sisi twapita na treni katikati yao na twawaona wakiondoa meza zao upesi.

Turudi kwenye hati. Zilikuwa na upungufu, nasi hatutauficha. Auzaye vitu vitokavyo nje ya mtaa, kama unga na sukari, hujaza hati katika sanduku, na mwenye jumla hazitaki. Mtu wa namna hiyo hana budi kuweka mpaka: hati kadha wa kadha kwa siku, nyingine hapana. Auzaye kazi ya mikono yake hapati shida hiyo. Basi shauri lile lile humfaa mtu huyu na kumwelemea jirani yake, na hilo hulijui kwa kukaa mkutanoni ukibishana. Mwaka 2018 hati zikaanza kuhamia katika simu, kwa jina la Sarafu. Na mwaka 2020, wakati wa korona, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulishirikiana katika kazi hiyo mitaani. Kila hatua ilikuwa ndogo kuliko waliotazama kwa mbali walivyodhani.

Mtasema hayo ni mambo ya watu wadogo, makampuni makubwa hufanya mengine. Sivyo. M-Pesa mnayoitumia kila siku ilipoanza kujaribiwa mwaka 2005 haikuwa ya kutuma fedha nyumbani. Ilikusudiwa watu wenye mikopo midogo ya Faulu walipe deni lao kwa simu. Ilijaribiwa kwa watu karibu 500, Nairobi na Thika. Watu wale wakaitumia walivyotaka wao. Huyu alimlipia mwenzake, yule alitia fedha katika simu kabla ya safari akaitoa alikofika, asije akaibiwa njiani. Wenye kampuni wangeweza kusema, “Mnaitumia vibaya.” Hawakusema hivyo, waliandika waliyoyaona, na Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa watu wote kwa kazi ile ambayo wateja wenyewe waliichagua. Kama wangaliifungua nchi nzima kama ilivyokuwa mwanzo, huenda leo tungekuwa bado twapanga foleni posta.

Lakini kuna tofauti moja, nasi tukiwa chama cha wafanya kazi hatuwezi kuipita. Kampuni kubwa ikijaribu jambo likashindwa, hupunguza faida ya mwaka. Mtaani, jambo likishindwa, kuna mtu asiyekula usiku ule. Wengi wamekuja Kibera na Kawangware na mashauri mapya, wengine wenye nia njema kabisa, wakaajiri vijana kwa malipo ya kadiri ya watakavyouza. Kijana ashinda juani siku nzima, bidhaa haitakiwi, naye arudi mikono mitupu. Ndiye aliyelipa gharama ya jaribio, wala hakuulizwa. Sisi tusifanye hivyo. Yeyote atakayesukuma mkokoteni wetu wa maji alipwe ujira wake wa siku, maji yauzwe yasiuzwe. Hasara ya kujaribu ni ya kikundi.

Sasa twaleta shauri letu mbele yenu.

Akiba ibaki ilipo. Katika kila shilingi mia, kumi zitengwe ziwe za kujaribia, na ijulikane tangu leo kwamba kumi hizo zaweza kupotea. Asiyeweza kuvumilia kupotea kwake aseme sasa, sehemu yake isiguswe, wala asionekane adui.

Mashine isinunuliwe. Tukodi mkokoteni, tununue mitungi ishirini ya maji yaliyokwisha kusafishwa kwa watu wanaoyauza sasa, wenye vibali, tuyapeleke Jumamosi nne Gatina na Jumamosi nne Lindi. Faida itakuwa ndogo sana, pengine hakuna. Hatutafuti faida; twatafuta kujua. Daftari liandikwe: mitungi mingapi imeuzwa, nani amerudi mara ya pili, mitungi mingapi haikurudishwa, siku ya mvua ilikuwaje, siku ambayo bomba la mtaa lilikuwa na maji ilikuwaje. Hili la mwisho ni kubwa. Yawezekana maji yetu hununuliwa siku za shida tu, na mashine ikakaa bure siku nyingine zote.

Daftari lishikwe na akina mama wawili, mmoja wa kila mtaa. Sisi wanaume maji twayakuta katika ndoo, na bei yake twaijua kwa kusikia. Mwezi uliopita mama mmoja alinyosha mkono mara tatu hakuitwa, na baadaye nje ya mlango alituambia kwamba pale Gatina watu hawakosi maji safi, wanakosa mtu wa kuwapandishia mtungi ghorofani. Huenda biashara yetu yenyewe ni ngazi, si mashine!

Anayetaka kuleta shauri jingine, awe na wenzake wanne wa kumdhamini kama wale wa Bangladesh, na aandike kabla ya kuanza ni jambo gani likionekana atakubali kuacha. Aandike mapema, maana mtu akiisha kulipenda shauri lake hupata sababu kila juma. Tukiacha, tuandike kwa nini tumeacha, na karatasi ile isomwe hapa na ichapwe katika gazeti letu, ili wenzetu wa matawi mengine wasilipe tena kwa funzo lile lile.

Kwa lile la maji, sisi twaleta kipimo hiki: Jumamosi nane zikiisha, kama nusu ya wanunuzi si wale wale waliorudi, mashine isinunuliwe, na tusilete maneno hayo tena mwaka huu. Kama kipimo hiki ni kigumu au ni chepesi, kirekebisheni usiku huu kabla ya kura. Mkokoteni tumekwisha kuuona, uko karibu na stesheni ya Kibera, na mwenyewe anatungoja mpaka Ijumaa.