DENI LINALOLIPIKA
(Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo)



Nimeombwa kuzungumzia namna mwamini anavyoweza kudumu bila kukata tamaa anapolipa deni lake. Pengine mnatarajia mahubiri juu ya nidhamu na kujinyima. Hayo yana nafasi yake, nami nitayafikia. Lakini haki hututaka tuanze na swali jingine: je, deni lenyewe linalipika?

1. Hesabu kabla ya mahubiri

Katika mitaa yetu, tangu Mbagala na Tandika hadi Tandale na Mwananyamala, wananchi wenyewe wameipa mikopo ya haraka jina la "kausha damu". Mama lishe huchukua fedha kwa kuweka dhamana friji au godoro lake, na baada ya siku chache tu rejesho huanza kudaiwa.

Tuchukue mfano. Mtu amekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Riba peke yake ni shilingi 90,000. Ikiwa uwezo wake ni kutoa shilingi 90,000 kila mwezi, baada ya miezi 10 atakuwa ametoa shilingi 900,000, na bado anadaiwa shilingi 300,000 zile zile. Mtu huyo akivunjika moyo, tusimwite mvivu wala tusiseme ana imani haba. Ameona kweli: jasho lake halipunguzi kitu.

Sasa tulichukue deni hilo hilo kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango cha juu kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwa makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Riba ikihesabiwa juu ya salio, na malipo yakiwa yale yale ya shilingi 90,000, mwezi wa kwanza hubaki 220,500. Wa pili, kama 138,000. Wa tatu, kama 53,000. Mwezi wa nne deni limekwisha. Mlipaji ni yule yule na bidii ni ile ile. Kilichobadilika ni haki.

2. Maandiko na dhamana

Torati haikukataza kukopeshana, bali iliweka mipaka. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, hukataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ndilo uhai wa mtu. Tena humwamuru mwenye kudai asimame nje, asiingie nyumbani kujichukulia dhamana. Jiwe la kusagia la leo ni cherehani ya fundi, ni jiko na masufuria ya mama lishe, ni pikipiki ya kijana wa bodaboda. Kumnyang'anya mtu chombo cha kazi ni kumwondolea njia ya kulipa, kisha kumlaumu kwa kutolipa.

Naye Nehemia, katika sura ya 5 ya kitabu chake, aliposikia kilio cha watu waliokuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, hakuwahimiza wavumilie tu. Aliwakemea wakubwa hadharani, akawataka warudishe mali pamoja na riba.

3. Wajibu wa mdaiwa

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, anaonya juu ya wanaouhesabu mkopo kuwa kitu cha kuokota. Kwa ajili yao, wengine huogopa kumkopesha mwenye shida. Basi, kulipa ni tendo la haki na la upendo kwa jirani. Nashauri mambo manne.

Kwanza, kuandika madeni yote katika daftari moja: la mkopeshaji, la duka la mtaani, la simu, la kikundi. Deni lisiloandikwa hutisha kuliko ukubwa wake.

Pili, kumweleza mwenzi wa ndoa. Mkopo wa siri huzaa mkopo wa pili wa kuuficha ule wa kwanza.

Tatu, kutenga chakula, kodi na mahitaji ya shule kabla ya rejesho, na kumweleza mdai mapema kiasi kinachowezekana, kwa maandishi. Katika miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuliza kama tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni ya taifa. Swali hilo lina nguvu ile ile mezani pa familia.

Nne, kuanza na deni lenye riba kali zaidi, kwa kuwa ndilo linalokula jasho. Lakini kama lipo deni dogo linaloweza kumalizwa mwezi huu, limalizwe na kufutwa daftarini kwa mstari. Moyo wa mwanadamu hupata nguvu unapoona jambo limekwisha.

4. Wajibu wa jumuiya

Mdaiwa hujitenga kwa aibu. Haonekani kwenye sala ya jumuiya, kwa sababu hana mchango. Viongozi, mwendeeni kabla afisa mikopo hajamfikia, nanyi mtunze siri yake. Someni pamoja naye mkataba wake. Ulizeni kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Asiye na leseni au anayevuka kiwango cha riba ashitakiwe kwa mamlaka hiyo. Na pale ambapo VICOBA au SACCOS yetu ina uwezo, imkopeshe ndugu huyo kwa riba nafuu alimalize lile deni la kausha damu, kisha alipe kwetu polepole.

Tukifanya hivyo, tutakuwa na haki ya kumwambia: vumilia. Uvumilivu ni fadhila pale ambapo njia ina mwisho. Pasipo na mwisho, kazi yetu ya kwanza ni kuifungua njia.